Farasi wa Babu Walipobaki Muyinga

Mtu wa mlima ule namjua kwa sauti. Mwezi uliopita nilikuwa soko la Gitega nachambua maharage, nikasikia mama mmoja nyuma yangu akiuliza bei ya mawese kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na muuzaji yuko pale pale mbele yake. Watu wakageuka, wengine wakacheka. Mimi nilimsogelea nikamuuliza, "Mama, we unatoka Muyinga, njia ya kwenda Kobero?" Akashtuka. "Nani amekwambia?" akanipigia kelele sikioni. Nikamtajia na jina la mlima wake, maana kwetu kila mlima ni kijiji, akanitazama kwa woga kidogo, kama vile nimemtazamia bao. Sikuwa na nafasi ya kumweleza, vikapu vilikuwa vinatusukuma. Wewe nitakueleza, rafiki yangu, maana tumekaa.

Lazima nianze na babu. Alikuwa Mswahili wa Gitega, mtu wa kofia na kanzu, na riziki yake ilitoka kwa maharusi. Alikuwa na gari la Kimarekani, pana, rangi ya maziwa, alilouziwa na mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa akihama nchi. Bibi alisema wasichana wa Gitega walianza kuulizia gari kabla ya kuulizia mchumba. Mimi sikupata kuliona katika enzi yake. Nilipanda mara moja tu, mgongoni mwa mama, siku tulipokimbia vita, kwa hiyo ninayoyajua ya safari ile niliyasikia kwa wakubwa. Baba hakuwemo. Alibaki Gitega, na habari zake si za leo.

Gari lile lilikuwa na nguvu ya kupanda mlima wowote wa Burundi, lakini kiu yake nayo ilikuwa ya kutisha. Walipolivusha Karuzi, mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Walipoipita Muyinga mjini, na mpaka wa Tanzania ukiwa umekaribia kabisa, injini ikakohoa ikazima. Babu na wakimbizi wengine walilisukuma hadi kwenye migomba ya mkulima mmoja aliyekuwa amesimama uani kwake akitazama watu wakipita. Hawakuwa wanajuana. Babu alimwambia, "Nakuachia mali yangu. Nikirudi nitakukuta." Mkulima akaitikia kwa kichwa. Babu akatia ufunguo mfukoni, na mpaka wa Kobero tukauvuka kwa miguu pamoja na wasio na gari.

Tanzania ndiko nilikopatia akili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yetu ilikuwa kambi: foleni ya maji, foleni ya kuni, mahindi ya manjano, moshi wa asubuhi unaokaa juu ya nyumba za udongo usitake kuondoka. Wenzangu walifundishwa na babu zao hadithi za sungura. Mimi nilifundishwa injini. Babu alikusanya makopo manane ya maziwa ya unga, akayapanga safu mbili zilizoegemeana juu ya udongo, manne huku na manne huku, akasema hizo ndizo silinda. "Wamarekani wanapima kwa inchi," alinifundisha. "Mia tatu ishirini na saba. Ukizigeuza kwa hesabu yetu ni lita tano na pointi nne. Zile gari ndogo za Kifaransa zilizokuwa zinanicheka Gitega, lita moja na kitu. Haya, na nguvu?" Nami nilijibu huku nimefumba macho, "Farasi mia mbili na hamsini!"

Sikuwa nimeona farasi. Babu naye, kusema kweli, hakuwa ameona. Nilipombana sana alisema ni mnyama kama ng'ombe, ila ana haraka. Basi mimi nikawa nahesabu kwa ng'ombe. Nilikuwa nalala nikiona ng'ombe mia mbili na hamsini wenye pembe ndefu wamefungwa mbele ya gari jeupe, wanapanda mlima wa Gitega, na babu yuko ndani kavaa kofia yake. Bibi alikuwa anatusikiliza huku anachambua mchele, halafu anasema polepole, "Farasi mia mbili na hamsini, na Kobero tulipita kwa miguu." Babu aliyapanga upya makopo yake. Kila Ijumaa aliupaka ufunguo mafuta ya nazi ili usishike kutu, na aliwaapia wazee wote wa kambi, hata wasiouliza, kwamba siku ya kurudi ataingia Gitega akiwa nyuma ya usukani.

Amani ilipotangazwa na malori ya kurudisha watu yalipoanza kwenda, ahadi ile ilitutangulia. Wenzetu walioondoka mapema walifika Gitega wakasema, mzee anakuja na gari lake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Tulivuka Kobero tumesimama juu ya lori na magodoro na kuku, na nilipoona watu wazima wanalia nikadhani tumepotea. Pale Muyinga tuliteremshwa tulale, kesho yake asubuhi lori jingine litupeleke Gitega. Babu hakutaka hata kukaa chini. Mama alibaki na mizigo, sisi watatu tukapanda baiskeli za kukodi, mimi na bibi tumebanana nyuma ya kijana mmoja mwenye miguu ya chuma, tukarudi kulekule tulikotoka, hadi kwenye migomba.

Gari lilikuwepo. Nataka uelewe hilo, maana babu mwenyewe kwa dakika nzima hakuelewa. Lilikuwa chini ya paa dogo la nyasi, limefutwa vumbi, magurudumu yamewekewa mawe ili yasioze, na kwenye kiti cha nyuma kuku alikuwa ameatamia mayai. Babu alilizunguka akilishika kama anayempima mtoto homa. Alitoa ufunguo. Kisha akakumbuka kufungua boneti kwanza, kama dereva yeyote mwenye adabu, akaiinua, na ndani hapakuwa na kitu. Majani yalikuwa yameota pale injini ilipopaswa kukaa.

Aliingiza mkono akayagusa majani yale. Hapo ndipo mlio ulipoanza, kutoka nyuma ya mikaratusi: ngurumo nzito, yenye hatua fupi na ndefu, iliyotikisa mpaka nyayo zangu. Babu aliinua kichwa. "Ni yeye," alisema. "Lakini anachechemea." Akaanza kwenda, karibu akimbie, na bibi nyuma yake akimwita, "We mzee! We mzee, taratibu!"

Nyuma ya mikaratusi kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda injini ya babu ilikuwa imefungwa juu ya magogo, uchi kabisa, haina bomba la kuzuia kelele, imetumbukiziwa mpira wa maji ya kuipoza kutoka kwenye pipa. Mkanda mrefu ulitoka kwake ukaenda kuzungusha mashine ya kusaga. Unga ulikuwa hewani kote. Akina mama walipanga mstari na vikapu vya mihogo mikavu, wanaongea kwa kupayuka, maana bila kupayuka hapasikiki kitu. Na yule mkulima, mweupe kwa unga hadi kope, alipomwona babu alifungua mikono yote miwili.

"Mzee wa gari! Mungu iko! Uko muzima!"

Babu hakuingia kwenye mikono ile. Alisimama mbele yake akapaza sauti kuishinda injini, na alilolisema likasikiwa na kila mtu. "Mwizi we! Umeniibia moteri yangu!"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile niliona unavyoweza kuvunja mifupa ya watu. Wanaume waliokuwa wamekaa ukutani wakainuka, na waliotoka shambani walikuwa bado wameshika majembe. Ujue hali ilivyokuwa. Amani ilikuwa changa, watu walikuwa wanahesabiana: huyu alibaki, huyu alikimbia, huyu analima shamba la nani. Kila lori lililoingia kutoka Tanzania, waliobaki walilitazama wakijiuliza limeleta nani na anadai nini. Nilimsikia mmoja nyuma akisema kwa Kirundi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili tuelewe vizuri, "Leo moteri, kesho mashamba." Bibi alinivuta akanibana kwenye kitenge chake. Niliogopa, rafiki yangu. Mpaka leo nikiona wanaume wameinuka kwa pamoja huwa natafuta njia ya kutokea.

Mkulima alishusha mikono. Alikwenda akafunga mafuta, injini ikatetemeka ikanyamaza, na ukimya ukatuangukia wote. Akina mama walisimama na vikapu vyao ambavyo havijasagwa.

"Sikuiba," mkulima alisema. Hakuwa na hasira, na bado alikuwa anapayuka, hata injini ikiwa imezimwa. "Bon, mzee, unisikilize. Baliingia watu na bunduki, banatafuta magari. Mi nikasema, gari bila moteri iko nyumba ya kuku tu, nani ataichukua? Nikaitoa. Nikaificha kwa shimo ya kuivishia ndizi ya pombe."

"Shimo ya pombe?" babu aliruka. "Moteri yangu umelaza kwa pombe?" Na nakuapia, katikati ya hatari yote ile, mzee mmoja mwenye jembe alicheka kidogo.

"Kwa majani ya ndizi, mzee, na mafuta nilipakaa. Njaa ikafika. Wanawake banasaga na mawe, mikono inatoka damu, na kwenda mjini kusaga iko kufa kwa njia. Mi niko na hii kitu kwa shimo, na nguvu yake yote." Akajipangusa unga usoni. "Sasa we unajua desturi. Mutu akikuachia ng'ombe, maziwa ni ya mwenye kuchunga. Samadi ni yake. Ndama ni ya mwenyewe."

Hapa babu ndipo alipokwama, maana aliijua. Burundi nzima inaijua, hata Waswahili wa mjini ambao ng'ombe wao ni wa buchani tu. Mtu humpelekea mwenzake ng'ombe amchungie, na anayechunga hukamua, hurutubisha migomba yake, na uzao ukipatikana humrudishia mwenye mali. Kinachounganishwa pale si ng'ombe peke yake, ni nyumba mbili. Babu alikuwa ameacha gari, kwa akili ya mtu wa mjini aachaye gari. Mkulima alikuwa amepokea mali ya mtu anayekwenda asikojua, na sheria ya kutunza mali kama hiyo aliijua moja tu, ile aliyoachiwa na baba yake.

Lakini hasira haina breki. "Mi sikukupa ng'ombe," babu alisema. "Nilikupa gari. Nataka moteri yangu leo hii, kesho naingia Gitega."

"Chukua," mkulima akasema. "Iko yako." Akaingia kibandani, akaleta spana zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, akaziweka miguuni pa babu. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemzuia. Mama mmoja wa kwenye mstari alitua kikapu chake akakalia gogo, akashika tama. Yule aliyesema habari ya mashamba alitema mate pembeni. Mimi nilikuwa namwomba Mungu babu achukue injini, kwa sababu ya wale ng'ombe wangu mia mbili na hamsini, na nilikuwa namwomba asiichukue, kwa sababu ya majembe. Sijui ni ombi lipi lilifika.

Babu alipiga magoti mbele ya injini yake. Alikunja mikono ya kanzu, akachagua spana, akainama kuanza kulegeza. Kisha akaganda. Aliingiza vidole huku na kule, akafuata nyaya moja moja, akageuka.

"Silinda nne hazina plagi. Umezifanya nini?"

Mkulima alionekana kushangaa kwamba swali kama hilo linaulizwa. "Zinapumzika. Ng'ombe haikamuliwi chuchu zote, mzee. Mbili za mutu, mbili za ndama. Hii iko na nane, mi nakamua ine. Mwaka ikiisha, nabadilisha, zile zinapumzika."

Ndiyo maana ilikuwa inachechemea. Miaka yote ile ya njaa, nguvu yote ile mikononi mwake, alikuwa ameacha nusu yake kwa ajili ya mtu aliyepita barabarani akamwona mara moja. Babu alibaki amepiga magoti. Nilidhani anatafuta spana nyingine, mpaka nilipoona mabega yake yakitikisika. Bibi alinionya kwa mkono nisimwendee.

"Na ndama?" babu aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Iko nyuma ya nyumba."

Alikuwepo kweli. Kila kikapu kilichosagwa kilitoa sahani moja ya unga kwa mashine. Sehemu ya unga ule ilinunua mafuta, madumu yaliyokuja kwa baiskeli kutoka Kobero, na sehemu ililisha watoto wa mkulima. Nyingine ilikuwa imewekwa, msimu kwa msimu, hadi ikapata ng'ombe jike mmoja, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji, na ng'ombe yule alikuwa amezaa. "Maziwa nimekunywa, sikatai," mkulima alisema. "Mais, lakini, ng'ombe na mutoto wake ziko zako. Nilikuwa nakungoja."

Babu alirudi kibandani peke yake. Sisi wote tulimfuata kwa macho. Alizikusanya spana, akazifunga katika kitambaa chao, akamrudishia mkulima kwa mikono miwili. Halafu akatoa ufunguo mfukoni, ule uliokunywa mafuta ya nazi ya miaka yote ya kambi, akautundika kwenye msumari wa nguzo ya kibanda. "Akae nao anayechunga," alisema. "Neno lile nililolisema, nimelirudisha mbele ya wote walionisikia." Mkulima akafungua mikono yake mara ya pili, na safari hii babu aliingia. Walikumbatiana wakipigana-pigana mgongoni, kama wafanyavyo Warundi, muda mrefu, unga ukitoka kwa mmoja ukihamia kwenye kanzu ya mwingine. Wenye majembe waliyaegemeza ukutani. Injini ikawashwa, na yule mama wa kwenye gogo aliinua kikapu chake akaniambia kitu kwa kelele nisichokisikia.

Mchana ule tulikula ugali wa mihogo iliyosagwa pale pale, ukiwa na joto, na maharage yaliyoungwa mawese, na lengalenga, ule mchicha wa kwetu. Ugali ule ulikuwa na harufu ndogo ya petroli. Sijala mtamu kama ule tena, na usinibishie, wewe hukuwa na njaa yangu.

Lori la Gitega lilitubeba mimi, mama na bibi. Ng'ombe walikatazwa kupanda, kwa hiyo babu alikuja kwa miguu, na kijana wa mkulima akimsindikiza. Gitega walikuwa wamefagia mtaa. Watoto walipanda juu ya ukuta kulingojea gari jeupe na mlio wake, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuwaambia. Nilikaa mlangoni siku baada ya siku nikiogopa kicheko kinachomsubiri. Alifika saa ya alasiri, kanzu imekuwa rangi ya barabara, kofia iko sawasawa kichwani, anaongoza ng'ombe mwekundu kwa kamba na ndama anafuata. Mtaa mzima ulitoka. Kinyozi wa jirani, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko nyembe zake, akauliza kwa niaba ya wote, "Mzee, na wale farasi mia mbili na hamsini?"

"Nimewaacha kazini," babu alijibu, akampita.

Tulikunywa maziwa ya ng'ombe yule mwaka wote wa kwanza, mwaka ambao hatukuwa na shamba wala duka. Tangu siku ile babu hakutaja tena inchi wala lita. Mtu akimuuliza gari lake lilikuwa na nguvu kiasi gani, alisema lilisaga mihogo ya mlima mzima kwa nusu ya nguvu zake. Alizikwa hapa Gitega, na mkulima alikuja, akashika jeneza pamoja na watoto wa marehemu.

Yule mama wa sokoni, kabla hatujaachana, nilipomuulizia mzee wa mashine alinipigia kelele kwamba bado yu hai lakini moteri imekufa. Basi juzi nilikwenda. Umeme umefika kwenye mlima. Mashine mpya imo ndani ya kibanda cha matofali, inalia kwa sauti nyembamba, na wasichana waliopanga mstari wanaongea taratibu huku wanatazama simu zao. Gari lilikatwa vipande zamani. Yako masufuria na majiko ya mkaa kule ambayo yaliwahi kubeba maharusi. Injini nayo iliuzwa chuma chakavu, hata magogo yake yamekuwa kuni. Nguzo ya kibanda cha zamani imebaki, na ufunguo uko kwenye msumari, haujashika kutu. Niliunusa. Ulikuwa na mafuta mapya ya nazi.

Sikuuchukua. Mkulima alikuwa amekaa uani, macho yameingia ukungu, na nilipojitambulisha mimi ni mjukuu wa nani aliinuka kwa shida akafungua mikono. Migomba ilikuwa imetulia. Ulikuwa ukimya wa kuweza kusikia jani likianguka, na uso wake ulikuwa karibu na uso wangu, lakini alinisalimu kwa kupayuka, kwa nguvu zake zote, kana kwamba injini ya babu bado inanguruma katikati yetu.

"Amahoro, mwana! Amahoro!"

Nami nikapayuka nikamjibu.